Kusoma Tolstoy na watoto wa kipaimara, Moshi

Tangu tuanze kukusanyika Jumamosi mchana, watu kadhaa wameniuliza, wengine wachungaji na wengine wazazi tu, inawezekanaje watoto wa miaka 12 hadi 15 wakae saa mbili nzima wakibishana juu ya mkulima wa Urusi, bila mtihani na bila fimbo. Jibu fupi ni kwamba mwanzoni haikuwezekana. Jibu refu ndilo hili, pamoja na gharama zake na maudhi yake, kwa faida ya anayefikiria kuanzisha kitu kama hiki usharikani kwake au hata sebuleni.

Nilifundisha Kiswahili sekondari mpaka nilipostaafu, na naishi Rau. Usharika wetu ni wa Kilutheri, na shida iliyonisukuma anaijua kila mzee wa kanisa katika mkoa huu. Mtoto anahudhuria mafundisho, anakariri, siku ya kipaimara anavaa nyeupe, ndugu wanatoka Dar na Arusha, mbuzi anachinjwa, picha zinapigwa. Jumapili mbili tatu baadaye humwoni tena kanisani mpaka harusi yake. Mchungaji aliniomba nitafute la kufanya na hao waliokwisha kumaliza. Nikamwambia dini sitafundisha, wapo wanaoliweza hilo kunizidi. Nitasoma nao hadithi kubwa za dunia na Biblia ikiwa kando, kisha tuzungumze. Alinitazama kidogo, akasema, "Jaribu, Mwalimu. Ila wazazi utawaambia mwenyewe."

Tulianza na hadithi ya Leo Tolstoy ya mwaka 1886, ile inayouliza mtu anahitaji ardhi kiasi gani. Niliichagua kwa sababu ni fupi, na kwa sababu haina hakimiliki tena, hivyo niliweza kuifasiri na kuitolea kopi bila hofu. Kwa asiyeijua: mkulima anayeitwa Pahom analalamika kwamba shida yake ni ardhi tu, angekuwa nayo ya kutosha asingemwogopa hata Shetani. Shetani yuko nyuma ya jiko, anasikia. Pahom ananunua shamba, anahama, ananunua kubwa zaidi, mpaka anafika kwa Wabashkiri, kabila la wafugaji, wanaomwambia kwamba kwa rubo 1,000 atapata ardhi yote atakayoizunguka kwa miguu kwa siku moja, ilimradi jua lisizame kabla hajarudi pale alipoanzia. Anarudi mbio, anafika, anaanguka amekufa. Wanamchimbia kaburi la futi sita.

Nikauliza, "Je, Pahom alifanya vizuri?" Chumba kizima kikaitika kwa sauti moja, "Hapanaaa, Mwalimu." Kwa nini? "Kwa sababu ya tamaa." Mazungumzo yakaishia hapo. Walikuwa wameshanisoma usoni, wakanipa nilichotaka, sasa wanasubiri maandazi.

Hali hiyo iliendelea kwa muda, na nusura nikate tamaa. Lakini watoto wale walikuwa na akili timamu. Tumewalea wakijua kwamba mtu mzima akiuliza swali, jibu analo mfukoni. Shuleni jibu liko kwenye mwongozo wa kusahihishia. Kanisani tuna Katekisimu Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, kijitabu cha mafundisho ya msingi ya imani, ambamo kila amri inafuatwa na swali la maana yake, na maana yenyewe imechapwa chini yake tayari kwa kukaririwa. Siidharau hata kidogo. Baadaye niliona kwamba watoto waliokariri vizuri ndio waliokuwa na kitu cha kushika mjadala ulipokolea. Wanachomoa mstari papo hapo wakati mimi natafuta miwani. Ila mtoto aliyezoea namna hiyo pekee hawezi kuamini kwamba wewe, mwalimu mzima, unamuuliza jambo usilolijua.

Kwa hiyo nikaacha maswali ya namna hiyo. Kama hadithi inanipa swali ambalo mimi mwenyewe nimelala nalo bila jibu, hilo ndilo ninalokwenda nalo. Kwa Pahom likawa hivi: ni hatua gani hasa ambayo angegeuka hapo, angekuwa bado mtu mwenye shamba zuri na roho salama? Onyesha mstari. Hiyo "onyesha mstari" sasa ndiyo sheria yetu kubwa. Huruhusiwi kusema "nahisi" mpaka umeweka kidole kwenye karatasi.

Chumba kikachangamka. Mmoja akasema pale alipoona bonde lenye unyevu, akajiambia kitani kingestawi hapo, akapinda mstari wake kulichukua. Mwingine akasema saa hiyo alikuwa ameshachelewa, angegeuka akiwa bado kijijini kwake. Kijana mmoja mpole wa Kibosho, ambaye alikuwa hajafungua kinywa tangu tuanze, akasema, "Mwalimu, angalia hapa mwanzo. Huyu alikuwa analia kwa sababu ng'ombe wake wakiingia shamba la yule mama tajiri anatozwa faini. Akipata la kwake, anawatoza wenzake faini hiyo hiyo. Hapo ndipo amekwisha." Nimesoma hadithi ile tangu nikiwa chuoni na sikuwahi kuliona hilo.

Halafu binti mmoja akasema, akiangalia chini, "Huyu Pahom angalau aliruhusiwa kutembea."

Msomaji asiye wa huku atahitaji maelezo. Kihamba cha Mchagga, shamba la migomba na kahawa ambamo nyumba imo na makaburi ya wazee yamo, kwa desturi kimepita kwa watoto wa kiume, hasa wa kwanza na wa mwisho. Wa katikati wanahangaika. Binti anaolewa. Na vihamba vimegawanywa kizazi baada ya kizazi mpaka vingine leo unavuka kwa hatua chache. Kwa hiyo nilipodhani nimeleta hadithi ya Urusi, nilikuwa nimeleta kesi iliyoko mezani katika nusu ya nyumba za watoto wale.

Sikumjibu siku ile. Nilisema tu kwamba wiki ijayo tutasoma Hesabu sura ya 27. Humo mabinti watano wa Selofehadi, yaani Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirza, wanasimama mbele ya Musa na wakuu wote na kudai urithi wa baba yao aliyekufa bila mtoto wa kiume. Musa hatoi jibu kichwani, analipeleka mbele za Bwana, na Bwana anasema mabinti hao wamenena haki. Wasichana walisoma sura ile kama barua iliyoandikiwa wao. Nikawaongezea kwamba Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanaume.

Jumamosi iliyofuata mvulana mmoja akaja amekunja ukurasa wa Biblia yake. Alikwenda nyumbani akaendelea kusoma mpaka sura ya 36, ambako wazee wa ukoo wanarudi kwa Musa kulalamika, na mabinti wale wanaambiwa waolewe ndani ya kabila la baba yao ili ardhi isihame. "Kwa hiyo, Mwalimu, walipewa, lakini kwa masharti." Wasichana wakamrukia. Mimi nilikaa kimya kwa furaha, kwa sababu mtoto wa miaka 13 alikuwa amefungua kitabu cha Hesabu kwa hiari yake ili kumshinda mwenzake hoja. Huo ndio usomaji wa Biblia niliokuwa nautafuta.

Furaha hiyo ilinitokea puani katikati ya wiki. Baba mmoja alifika nyumbani jioni, nikamkaribisha chai, tukaulizana habari za wote nyumbani, za mvua, za ndizi. Chai ilipofika katikati akasema, "Mwalimu, mimi nilimruhusu binti yangu aje asome Neno. Amerudi anamuuliza babu yake mpaka wa shamba uko wapi na yeye sehemu yake ni ipi. Mbele ya shangazi zake." Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. Nilimweleza tulichosoma, nikamfungulia sura. Akasoma polepole, akafunga, akasema ameelewa, lakini mtoto atapumzika kidogo. Akapumzika mpaka baada ya likizo ndefu. Mama yake ndiye aliyemrudisha, na nilivyosikia haikuwa bure.

Basi, kama utaanza, usiwaambie wazazi kwamba ni "kikundi cha kusoma" ukaishia hapo. Sasa kila mzazi anapata kopi ile ile anayopata mtoto, siku chache kabla, na kwenye ukurasa wa mwisho naandika swali nitakalouliza. Mzazi anaruhusiwa kuja kukaa nyuma, kwa sharti moja, asiseme mpaka watoto wamalize. Wengi hawaji. Lakini kule kujua kwamba mlango uko wazi kumepunguza maneno. Na mlango kweli uko wazi: siku zote tuko watu wazima wawili, katika chumba cha Shule ya Jumapili, madirisha wazi, na hakuna mtoto anayebaki peke yake na mtu mzima kwa kisingizio cha ushauri. Hili usilifanyie mzaha hata kama wote mnajuana tangu utotoni.

Mambo mengine ya kazi, kwa haraka. Usiwape usomaji wa nyumbani. Jumamosi asubuhi mtoto wa huku ana majani ya ng'ombe, ana maji, ana nguo za kufua; atakuja hajasoma, ataona aibu, wiki ijayo haji. Kurasa tatu zinatosha, zisomwe zote pale pale, kwa sauti, na mtu mzima anayejua kusoma. Nilikuwa nawaachia watoto wasome kwa zamu, na hiyo ilituchongea: wale wa shule za Kiingereza wanakwamakwama kwenye Kiswahili, wale wa shule za serikali wangekwama kwenye Kiingereza, na anayekwama mbele ya wenzake hasemi tena siku hiyo. Baada ya kusoma, kabla ya swali lolote, mtoto mmoja anasimulia upya yote aliyoyasikia bila kuangalia karatasi, wenzake wanamrekebisha. Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki mwaka 1923, alizijenga shule zake juu ya jambo hilo, lakini bibi zetu walituzoeza hivyo hivyo kwenye ngano jikoni, na watoto wanaliweza mara moja.

Mabenchi tunayapanga mviringo, nami nakaa kwenye benchi kama wao. Nikisimama tu, wanageuka darasa.

Wapo wasemaji. Wavulana wawili wangeweza kumaliza saa zote mbili peke yao. Nikaleta maharage: kila mtoto anapewa punje tatu, ukisema unaweka moja kwenye bakuli, zikiisha umekwisha. Wasemaji wanazimaliza dakika za mwanzo na wanabaki wakijikuna. Siku moja binti mdogo kuliko wote alikaa na zake mpaka karibu na sala ya kufunga, akainuka, akaziweka zote tatu kwa mpigo, tak tak tak, na alichosema kilichukua dakika tano. Hakuna aliyethubutu kumkatiza; alikuwa amelipia.

Gharama: kopi hapa mjini ni kama shilingi 100 ukurasa. Ukijumlisha na maandazi, maziwa, sukari, na nauli ya wawili watatu wanaoteremka kutoka Old Moshi, Jumamosi moja hainitoki chini ya shilingi 15,000. Kwa pensheni ya mwalimu hiyo inauma, na kwa muda nilikuwa naificha nyumbani. Usifanye ushujaa huo. Nilipowaeleza wazazi waziwazi, hela taslimu hazikutoka, ila ndizi zilikuja, maziwa yakaja, na mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ofisi akasema kopi nitoe kwake bure.

Wasiwasi wangu mwingine ulikuwa madhehebu, kwa sababu taarifa zilienea na wakaanza kuja watoto wa Kikatoliki na wa makanisa ya kiroho. Aliyetuokoa ni Augustino, askofu na mwandishi wa Kanisa la kale. Kwa Wakatoliki ni mtakatifu, Luther alikuwa mtawa wa shirika lenye jina lake, na watoto wote waliduwaa kusikia kwamba alizaliwa Afrika, mwaka 354, katika mji wa Thagaste, nchi ambayo leo ni Algeria. Tulisoma kile kipande anachoungama kwamba akiwa na miaka 16 yeye na wenzake waliiba mapeasi ya jirani usiku, wala hawakuwa na njaa, wakayatupia nguruwe. Niliwauliza kwa nini mtu aibe asichokihitaji. Walilijibu bila mimi: "Kufuata mkumbo." Na Augustino mwenyewe anasema hivyo, kwamba peke yake asingefanya. Walipoliona lile kwenye karatasi, sura zao zilikuwa za watu waliokutana na mtu wa mtaani kwao. Yaliyofuata siku hiyo, kuhusu simu fulani na baiskeli fulani, hayaandikiki hapa.

Kilichonifundisha zaidi kuliko vyote ni Shakespeare. Nina nakala moja chakavu ya *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, na kwa kuwa ni moja, kila mtoto alinakili kwa mkono maneno ya mhusika wake katika ile kesi ya mahakamani. Ilichukua Jumamosi nzima na hakuna aliyenung'unika, isipokuwa juu ya nani awe Shylock, maana wavulana wote walimtaka yeye. Shylock, mkopeshaji wa Kiyahudi, anadai ratili ya nyama ya mwili wa mfanyabiashara Antonio kwa deni la dukati 3,000 lililopita muda. Portia, aliyejigeuza mwanasheria, anamwomba amrehemu, na anasema rehema haiji kwa kulazimishwa.

Mtoto mmoja akauliza, "Sasa isale je?"

Isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani mwa vihamba. Ukimkosea mtu, unaweza kumwendea na jani lake, na kwa desturi yetu hawezi kukukatalia msamaha. Watoto wakagawanyika hapo hapo. Upande mmoja: kama huwezi kukataa, huo si msamaha, umeshurutishwa, na Portia anasema haishurutishwi. Upande mwingine: Shylock angeletewa isale, Antonio asingevuliwa shati mbele ya kisu, kwa hiyo ipi bora? Nilikuwa sina jibu, na sina mpaka leo. Bahati nzuri siku hiyo mzee mmoja wa usharika alikuwa amekaa nyuma. Alivumilia mpaka watoto wakamaliza, akasimama na bakora yake akawaambia kwamba isale haiendi peke yake. Kabla ya jani kuna wazee, kuna kukiri kosa mbele yao, kuna fidia inayozungumzwa. "Mnadhani ni jani tu? Aliyelibeba ameshajishusha." Kijana aliyekuwa Shylock akamgeukia: "Babu, Antonio alikuwa amemtemea mate Shylock. Alimwomba msamaha lini?" Mzee akafikiri, akakaa.

Tuliunganisha na Mathayo 18, mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000 akamkaba mwenzake kwa dinari 100. Kwenye mahubiri nimezoea kusikia kwamba deni la pili lilikuwa dogo. Watoto walipiga hesabu ubaoni. Dinari ni ujira wa kibarua wa siku moja, kama ilivyo katika Mathayo 20, kwa hiyo dinari 100 ni zaidi ya miezi mitatu ya jasho. Si hela ndogo kwa mtu yeyote wa Pasua au Njoro. Talanta moja ni kama dinari 6,000, kwa hiyo deni la kwanza ni dinari milioni 60, na ukifanya kazi siku 300 kwa mwaka utalilipa kwa miaka 200,000. Chaki ilidondoka. "Kwa hiyo Yesu anajua kwamba dinari 100 inauma," akasema mmoja, "na bado anasema samehe."

Hawakumaliza na Shylock. Mwishoni mwa kesi analazimishwa awe Mkristo kama sehemu ya adhabu yake, na hilo liliwakera karibu wote. Kubatizwa kwa nguvu! Hii nayo ni rehema? Ndipo binti yule wa maharage akasema, bila hata kuweka punje, "Na mimi nilibatizwa nina miezi miwili. Sikuulizwa." Niliangalia mlangoni kama mchungaji yupo. Alikuwepo. Aliingia, akakaa kwenye benchi, na tukaongea ubatizo na imani mpaka giza likaingia, yeye akijibu anayoyajua na mara mbili akisema kwamba hapo anahitaji kufikiri. Nadhani watoto walimheshimu zaidi kwa hayo mawili.

Ukiniuliza kama wanarudi kanisani, wengine wanarudi, wengine hapana, na mmoja aliacha kabisa kuja kwetu kwa sababu mjadala ulimchosha. Alitaka kwaya, na kwaya inamfaa.

Sasa tunavutana juu ya kinachofuata. Mimi nimeanza kufasiri *Antigone* ya Sophocles, yule dada anayemzika kaka yake kinyume cha amri ya mfalme, maana nataka kusikia watoto wa watu wanaosafirisha maiti kutoka Dar usiku kucha ili izikwe kihambani watasema nini. Kazi inakwenda polepole na haitakwisha kabla ya Pasaka. Wavulana wanataka *Juliasi Kaizari* ya Nyerere kwa sababu wamesikia ina mapanga. Tulipiga kura, zikafungana, na mchungaji amekataa kupiga ya kuamua.